Kumlea Mbwa Aliyeumizwa

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kabla ya saa mbili asubuhi, njia za Mibirizi hujaa watu wenye majembe na mapanga mabegani. Ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Wengine wanakwenda kuzibua mitaro, wengine kufyeka kando ya barabara, na mazungumzo yao huwatangulia kabla hawajaonekana kwenye kona. Kwa mbwa aliyewahi kuchapwa kwa mpini wa jembe, hiyo ni asubuhi mbaya kuliko zote. Anayemlea mbwa wa namna hiyo huanza kujiandaa tangu Ijumaa jioni. Asubuhi humlisha mapema, humhamishia uani nyuma ya jiko, huziba kwa mkeka pale ua ulipoachia mwanya. Watu watapita, mbwa atasikia sauti bila kuona mipini, na kazi ya majuma mengi haitabomoka kwa dakika tano.

Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu: kumchukua mbwa anayeng'ata, au anayekimbia kila mtu, au anayenguruma ukisogelea sahani yake, mbwa ambaye wenyewe wamekwisha kumkatia tamaa, na kuishi naye mpaka aweze kulala usingizi mzito mchana huku watu wakipita. Naihesabu kuwa ufundi kamili. Ina kanuni zake na vifaa vyake vichache, ina mafundi wazuri na wabovu, na matunda yake huonekana kwa macho. Huku kwetu wanaoifanya ni wachache, na wengi wao hawajawahi kuambiwa asante hata na mtu mmoja.

Lazima niseme ni kwa nini kazi hii ni nzito zaidi hapa kuliko kwingine. Mibirizi iko juu ya vilima vya Rusizi, magharibi kabisa mwa Rwanda, upande ambao Kiswahili kinasikika sokoni Kamembe kwa kuwa Bukavu iko ng'ambo tu ya mto. Mapadri Weupe walifungua misheni hapa mwaka 1903, na kahawa ya mwanzo ya nchi hii inahusishwa na mashamba yao. Mpaka leo kuna aina ya mbuni inayoitwa Mibirizi. Lakini wakazi wengi wakitaja parokia hii wanakumbuka jambo jingine kabla ya kahawa. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia parokiani wakitumaini kwamba nyumba ya Mungu ingewalinda waliuawa hapo hapo. Kuna ukumbusho wao hapa, na wako majirani ambao jamaa zao wote wamo humo.

Mbwa nao wamo katika habari hiyo. Zamani mbwa wa Rwanda alikuwa kwanza mbwa wa mwindaji, mwepesi wa mwili, mwenye kengele shingoni ili asipotee porini. Mwaka 1994 wauaji walitumia mbwa kuwasaka watu waliojificha vichakani. Kisha maiti zilipobaki bila kuzikwa, mbwa walizila. Wapiganaji wa RPF waliosimamisha mauaji hayo na askari wa Umoja wa Mataifa wakawa wanawapiga risasi mbwa popote walipowakuta, na nchi ikabaki karibu bila mbwa. Philip Gourevitch, mwandishi Mmarekani aliyefika mwaka uliofuata, alishangaa kukaa katika nchi ya wakulima asisikie mbwa akibweka; alipouliza, akaelezwa.

Kwa hiyo mtu mzima akivuka barabara hapa kumkwepa mbwa, hofu yake ina sababu. Na mbwa anayejikunja kwenye kona huku ameonyesha meno, yeye aliyezaliwa miaka mingi baada ya hayo yote, naye hofu yake ina sababu: ni mawe aliyotupiwa, waya aliofungwa, fimbo. Fundi wa kazi hii anasimama katikati ya hofu hizo mbili, na hana ruhusa ya kuidharau hata moja. Ndiyo maana nasema ufundi wenyewe hasa ni wa umbali. Anayeujua anajua asimame wapi, kitu kikae mbali kiasi gani, mtu apite wapi, na ni lini hatua moja zaidi inawezekana.

Wataalamu wamekwisha kueleza sehemu ya jambo hili. John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana dirisha fupi la kuzoea ulimwengu: tangu karibu wiki ya tatu ya maisha yake hadi ya kumi na mbili au kumi na nne. Anayekutana na binadamu kwa wema katika siku hizo atawachukulia binadamu kuwa jamaa. Asiyekutana nao, au aliyekutana nao kwa mateke, atalazimika kujifunza baadaye, kwa shida, kile ambacho mwenzake alikipata bure. Mbwa koko wengi wa miji yetu wamezaliwa chini ya vibanda na dirisha hilo likafungwa wakiwa bado huko.

Hofu ikishaingia inakaa. Septemba 1924 mto ulifurika katika mji wa Leningrad, maji yakaingia katika maabara ya mwanasayansi Ivan Pavlov, na mbwa wake wakaokolewa wakiwa wanaogelea, vichwa vikikaribia juu ya vizimba vyao. Baadhi yao walisahau yote waliyokuwa wamefundishwa, na hata baada ya muda mrefu maji machache tu yakipenya chini ya mlango yalitosha kuwavuruga. Mwaka huo huo, mwanamke aitwaye Mary Cover Jones alichapisha habari ya mtoto wa kiume aliyemwogopa sungura. Alimwekea mtoto chakula anachokipenda, sungura akawekwa mbali kabisa chumbani, akasogezwa kidogo kidogo siku baada ya siku, mpaka mtoto akaweza kumshika kwa hiari yake. Karibu kila kitu kinachofanywa leo na mlezi mzuri wa mbwa mwenye hofu kimo tayari katika chumba hicho.

Sasa niingie katika kazi yenyewe.

Mbwa niliye naye ni dume mwekundu, masikio yamesimama, aliyetolewa katika kiwanja kimoja cha ujenzi ambako alikuwa akilinda saruji, shingo imefungwa waya. Tunamwita Bobi, jina ambalo nusu ya mbwa wa Afrika Mashariki wanalo. Siku za mwanzo hakuna mafunzo. Mbwa anapewa mahali penye kivuli, penye ukuta nyuma yake na njia mbili za kutokea, maji yasiyokauka, chakula saa zile zile kila siku, na watu wanamwacha. Huu ndio wakati unaowashinda wengi, kwa sababu huruma inataka kugusa. Mgeni anaona mbwa amekonda, mkia uko kati ya miguu, anainama, ananyoosha mkono juu ya kichwa chake. Kwa mbwa aliyepigwa, mkono unaoshuka kutoka juu una maana moja tu. Fundi anaketi kwenye kigoda, ubavu ukimwelekea mbwa, macho yakiangalia kwingine, akimenya maharage au akisoma. Anakaa hapo hana shida naye. Mbwa ndiye atakayeamua kuja kunusa kisigino, na akija, kisigino hakisogei.

Mnyororo mfupi ni adui wa kazi hii. Mbwa mwenye hofu ana njia mbili za kujiokoa, kukimbia na kung'ata. Ukimfunga karibu na mti umemwondolea ya kwanza, umembakizia ya pili. Ua wenye lango zuri ni bora zaidi, na pasipo na ua, kamba ndefu inayoteleza kwenye waya uliovutwa kati ya nguzo mbili.

Kisha kuna jembe. Nilianza na jembe lisilo na mtu, limelazwa chini mwisho wa kiwanja, mbali kiasi kwamba Bobi alilitambua akageuza kichwa bila kukakamaa. Sambaza wakavu, samaki wadogo kutoka Ziwa Kivu, ndio mshahara wetu. Hakuna mbwa wa Rusizi anayewakataa. Hapa kuna mambo mawili ambayo nisingechoka kuyarudia kwa yeyote anayetaka kujaribu. La kwanza, samaki anatupwa upande wa mbwa, asitupwe upande wa jembe. Ukimwekea chakula karibu na kile anachokiogopa, unamlazimisha achague kati ya njaa na hofu, na hata njaa ikishinda leo, hofu itakuwa imeongezeka kesho. La pili, jembe lionekane kwanza, samaki afuate; jembe likiondolewa, samaki naye anakoma. Ukigeuza mpangilio huo mbwa atajifunza kwamba samaki huleta jembe, ataanza kumshuku samaki, na utakuwa umempotezea rafiki wa pekee aliyekuwa naye.

Jembe likishakuwa habari njema likiwa limelala, linasimamishwa ukutani. Kisha mkono unaligusa. Kisha linainuliwa na kuwekwa. Kisha mtu anatembea nalo hatua mbili akielekea mbali, na hapo inafaa kukumbuka kwamba kila unapoongeza ugumu wa kitu kimoja, unarudisha umbali nyuma kidogo ili kulipa. Mtu anayemjua anakuja kabla ya mtu asiyemjua, na mwanamke huenda akakubaliwa kabla ya mwanamume, ikiwa aliyempiga alikuwa mwanamume. Somo linakatishwa mbwa akiwa bado anataka zaidi. Mbuni unaopandwa leo utakaa takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa, na wakulima wa vilima hivi hawaukemei kwa hilo. Subira ya aina hiyo ndiyo inayotakiwa, iliyochanganyika na kupalilia kila siku.

Sehemu ya ufundi huu ninayoipenda kuliko zote ni kusoma mwili. Mbwa husema mengi kabla ya kubweka. Hulamba pua wakati hakuna chakula. Hupiga miayo naye hana usingizi. Hugeuza kichwa pembeni, weupe wa jicho ukaonekana kama mwezi mwembamba. Mdomo uliokuwa wazi ukihema hufumba ghafla. Uzito wa mwili huhamia miguu ya nyuma, manyoya ya mgongoni husimama, na mwili wote unakuwa mgumu kwa muda mfupi usiozidi pumzi moja. Mlezi aliyezoea huona ule mdomo ukifumba, akarudi hatua moja, na hakuna aliyegundua kwamba kulikuwa na hatari. Kazi ikifanywa vizuri kabisa haionekani. Mtazamaji ataondoka akidhani mbwa yule hana tatizo.

Kunguruma nako kuheshimiwe. Watu wengi humpiga mbwa anayenguruma, wakiamini wanamwondolea ukali. Mbwa aliyeadhibiwa kwa kunguruma hubaki na hofu yake yote. Alichoacha ni kutoa taarifa. Huyo ndiye baadaye watasema aling'ata bila onyo. Mimi Bobi akinguruma namshukuru kwa sauti ya chini na kuangalia ni nini kimemfanya aseme hivyo.

Kuna fundisho jingine ambalo limeenea mpaka huku kupitia televisheni na simu, kwamba mbwa lazima atawaliwe, alazwe chali, aonyeshwe nani mkubwa. Linatokana na uchunguzi wa mbwamwitu waliofungiwa pamoja bila kuwa ukoo mmoja, ambao Rudolf Schenkel aliuandika mwaka 1947. David Mech, Mmarekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kilisaidia kulitangaza wazo hilo, alilikana mwenyewe mwaka 1999 baada ya kuwachunguza mbwamwitu walio huru: alikuta ni baba, mama na watoto wao tu. Kwa mbwa aliyekwisha kuvunjwa na watu, ubabe ni kumrudisha kwenye kiwanja alikotoka. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona mbwa walioharibiwa hivyo na watu waliokuwa na nia njema.

Jambo moja halina mjadala, nalo ni chanjo. Mtu asiyemchanja mbwa wake asianze kazi hii. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini ugonjwa huu unazuilika, na mbwa asilimia 70 wa eneo wakichanjwa huacha kuenea. Mlezi wa mbwa anayeng'ata lazima ajue kwa moyo la kufanya: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeng'atwa aende hospitali siku hiyo hiyo akapate sindano, na mbwa aangaliwe kwa siku kumi. Kumpeleka mbwa mwenye hofu kwa daktari wa mifugo nako ni somo. Kifunga mdomo kinaanza kufundishwa nyumbani mapema, samaki ndani yake, mbwa akiingiza pua kwa hiari, ili siku ya sindano kisiwe kitu kigeni. Mbwa aliyevaa kifunga mdomo kwa utulivu ni mmoja wa vitu vizuri ambavyo macho yangu yameona.

Nikitafuta mahali penye historia inayofanana na yetu ambako ufundi huu umepewa nafasi yake, naenda Gulu, kaskazini mwa Uganda. Huko Francis Okello Oloya, aliyepoteza macho akiwa mtoto kwa bomu lililobaki ardhini wakati wa vita vya waasi wa LRA, alianzisha mradi wa kuwakutanisha mbwa waliookotwa na watu waliojeruhiwa rohoni na vita hivyo. Wamo waliotekwa wakiwa watoto wakalazimishwa kubeba bunduki. Oloya mwenyewe amesimulia jinsi alivyokuwa shuleni, hawezi kuona, na mbwa wa pale wakawa wanamsindikiza usiku kwenda msalani. Katika mradi wake mbwa huchanjwa, huhasiwa, hupimwa tabia, kisha mbwa na mtu hufunzwa pamoja. Mtu ambaye kijiji kinamwogopa anapewa mnyama ambaye kijiji kinamwogopa, na wote wawili wanajifunza kutembea njiani bila kushtuka. Sijui kazi nyingine inayoonyesha vizuri hivyo kwamba aliyeumizwa anaweza kuwa mwalimu wa aliyeumizwa.

Lakini Mibirizi si Gulu, na mimi siamini kwamba kila jirani yangu anapaswa kumpenda mbwa. Aprili 7 kila mwaka inapoanza Kwibuka, kumbukumbu ya waliouawa, Bobi hatoki nyumbani. Kama kuna msafara unaokwenda kwenye ukumbusho, namkalisha ndani, nampa mfupa, redio ikiwa imewashwa kwa sauti ndogo, na anayebaki naye anahakikisha habweki. Siku nyingine zote, nikimwona mama mmoja wa mtaa wetu anakuja, namwita kabla hajafika: “Mama, nimemfunga, pita tu.” Naye hujibu, “Asante, mwanangu,” na hupita upande wa pili wa njia. Ameendelea kupita upande wa pili. Ni haki yake, na kuilinda haki hiyo ni sehemu ya ufundi sawa na sambaza na kamba. Mlezi anayemwambia jirani “usiogope, haumi” hajaanza hata somo la kwanza.

Wako pia majirani Waislamu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi, na chombo kilicholambwa kinahitaji kuoshwa mara saba. Mbwa wangu haruhusiwi kuwakaribia kwa sababu hiyo, na hawajawahi kunilaumu. Mzee mmoja wao ndiye aliyenikumbusha hadithi ya mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akampa, na Mungu akamsamehe. Mtu yule, mzee alisema, alitumia kiatu, na mbwa akanywa. Mimi nikaona katika maneno hayo adabu nzima ya kusaidia bila kushika.

Ufundi huu una mpaka wake. Wapo mbwa ambao hawatakaa salama kamwe katika nyumba yenye mtoto mdogo, na mlezi mwaminifu husema hivyo wazi, humtafutia mbwa nyumba nyingine au hubaki naye nyuma ya malango mawili maisha yake yote. Wapo ambao maumivu ya mwili, sikio lililooza au nyonga iliyovunjika, ndiyo yanayowafanya wang'ate, na kwao daktari huja kabla ya somo lolote. Na wapo wengi, nadhani wengi kuliko watu wanavyodhani, wanaofika mahali pazuri wasifike mbali. Bobi hatakuwa mbwa wa kupelekwa sokoni Kamembe siku ya soko. Sasa analala kizingitini mlango ukiwa wazi. Ananiona nikilima bila kuinuka. Mgeni akiingia, anakwenda mwenyewe nyuma ya jiko kama alivyofundishwa, akasubiri samaki wake. Pikipiki bado inamtisha, hasa ikipanda kilima kwa gia ndogo. Tumeanza na iliyozimwa, iliyoegeshwa ng'ambo ya shamba la migomba, isiyo na mtu juu yake.